Mtoto Mwenye Ulemavu Afundishwe Kujihudumia



Mwaka jana, kabla ya msimu wa korosho, mama mmoja wa hapa Ziwani alikuja zahanati na binti yake wa miaka tisa. Binti huyo ana mtindio wa ubongo. Mkono wake wa kushoto hauna nguvu, na hujifunza mambo polepole. Mama hakuja kutaka dawa. Aliniuliza, "Daktari, mimi nikifa, nani atamvika nguo mwanangu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwuliza, "Mama, mtoto anaweza kufanya nini peke yake?" Akasema, "Hawezi kitu. Kila kitu namfanyia mimi."

Nikampa mtoto gauni lake. Alilishika kwa mkono wa kulia, kisha akamtazama mama yake. Alikuwa anasubiri kuvikwa. Hapo nikatambua kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mama huyu si mvivu. Alimfanyia mtoto kila kitu kwa sababu anampenda. Lakini mtoto anayefanyiwa kila kitu hajifunzi kitu.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Ni ulemavu unaotokea sehemu ya ubongo ikiumia kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au akiwa bado mdogo sana. Si uchawi. Hakuna dawa ya kuuondoa. Hata hivyo, mtoto anaweza kujifunza mambo mengi akifundishwa kwa subira.

Namna ya kumfundisha

Kwa mtu mzima, kuvaa gauni ni kazi moja. Kwa mtoto huyu ni kazi nne:

1. Kuingiza mkono dhaifu.
2. Kuingiza mkono wenye nguvu.
3. Kupitisha kichwa.
4. Kuvuta gauni chini.

Mkono dhaifu hutangulia wakati wa kuvaa. Wakati wa kuvua, hutoka mwisho.

Nilimwambia mama aanze kufundisha hatua ya mwisho. Yeye afanye ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mtoto avute gauni chini. Kwa njia hiyo mtoto ndiye anayemaliza kazi, naye hufurahi. Akishaweza, afanye ya tatu na ya nne. Endelea hivyo mpaka aweze zote.

Fundisha kila siku, wakati wa kuvaa. Msubiri, usimharakishe. Akiweza, msifu. Akishindwa, usimcheke wala usimpige.

Kazi nyingine

Kula: Mtoto akae wima, asilishwe akiwa amelala, maana anaweza kupaliwa. Kama hawezi kushika kijiko vizuri, zungushia mpini kitambaa ili uwe mnene.

Choo: Simika nguzo imara chooni ili ashike anapochuchumaa. Kwa mtoto asiyeona, funga kamba ya makumbi ya nazi kutoka nyumbani mpaka chooni. Aifuate kwa mkono.

Hatari: Mtoto mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto, kisima au bahari.

Nani afundishe?

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kufundisha watu wenye ulemavu wakiwa kwao. Kitabu hicho kinaonyesha kwamba watu wa nyumbani wanaweza kuwa walimu. Baba, bibi, kaka na dada wanaweza kufundisha. Mama asiachiwe kazi hii peke yake.

Msimficha mtoto. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma kama watoto wengine. Mpelekeni shule, na mwonyesheni mwalimu namna mnavyomfundisha nyumbani.

Yule binti alijifunza kuvaa gauni kwa miezi mitatu. Kisha akajifunza kwenda chooni peke yake. Januari alianza shule. Bado hawezi kufunga vifungo, na mwenzake wa darasani humsaidia. Siku hizi mama yake huenda shambani kuokota korosho bila wasiwasi.

Maswali ya kujadili

1. Je, kijijini kwenu kuna mtoto anayefanyiwa kila kitu?
2. Ni kazi gani moja anaweza kuanza kufundishwa wiki hii?
3. Nani nyumbani atamsaidia mama kumfundisha?