Chembe iliyotangazwa, ikazikwa, kisha ikarudi

Una beshte mmoja, usikatae, aliyewahi kushinda mkeka wa mechi tano na kesho yake akaanza kuwauzia wenzake utabiri. Wiki ya pili mikeka yote imechanika na simu hashiki. Mimi nililipa shilingi 50 mara tatu, kwa hivyo najua ninachosema. Sasa sikia: wanasayansi wakubwa pia waliwahi kuingia mtego huo.

Protoni zilizo mwilini mwako kila moja imeundwa kwa kwaki tatu. Kuna chembe nyingine, mesoni, zenye kwaki moja na antikwaki moja. Kwa miaka mingi tulijua makundi hayo mawili tu. Lakini Murray Gell-Mann, mmoja wa wawili waliotoa wazo la kwaki mwaka 1964, aliandika mapema kwamba hesabu inaruhusu hata nne au tano pamoja. Basi ziko wapi?

Mwaka 2003 kikundi kiitwacho LEPS, huko Japani, kikasema kimeona ya tano: pentakwaki. Elewa jinsi wanavyoona. Chembe ya aina hii hufa kabla hujapepesa jicho, hivyo unaokota vipande vyake, unapiga hesabu ya uzito wa mzazi, kisha unachora grafu. Uzito mmoja ukijirudia kupita kiasi, grafu inainuka kama bampu barabarani. Bampu ya Japani ilitokana na makumi machache tu ya matukio. Haikuchukua muda, maabara kama kumi hivi zikasema nasi tumeiona, ikiwemo timu ya CLAS pale Jefferson Lab, Marekani.

Halafu CLAS wakarudi kazini, wakakusanya data nyingi zaidi, na mwaka 2005 wakatangaza wenyewe: bampu haipo. Ilikuwa bahati tu, kama mkeka wa yule beshte.

Hapo niliwavulia kofia. Kabla niache chuo mwaka wa pili, tulikuwa tunapika data kwenye maabara ya fizikia. Unabembeza jiwe kwa uzi, unapata 8.1, unaandika 9.8 kwa sababu kitabu kimesema 9.8. Darasa zima. Sijawahi kusikia mtu akirudisha daftari na kusema, mwalimu, nilikosea.

Baada ya hapo pentakwaki ikawa kama aibu. Ukiitaja, watu wanacheka. Mpaka Julai 2015.

Safari hii ni LHCb, mojawapo ya majaribio ya ule mtambo wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Kusema ukweli, hawakuwa wakiitafuta. Walikuwa wakichunguza jinsi chembe moja nzito inavyovunjika, ili wasiichanganye na kitu kingine, bampu ikajileta. Walikuwa na matukio zaidi ya 26,000. Kawaida ya fani hii ni kwamba husemi 'tumegundua' kabla ya kufika sigma 5. Maana yake, kama hakuna kitu, bahati tupu ingekupa bampu kubwa hivyo mara moja hivi katika majaribio milioni 3.5. Wao walipata sigma 9. Na bado walijaribu kwanza kueleza grafu yao bila pentakwaki. Ikakataa.

Ndani yake mna kwaki nne na antikwaki moja. Mwaka 2019, data ilipofika mara tisa ya ile ya kwanza, bampu moja ikagawanyika kuwa mbili, na nyingine ndogo ikajitokeza kando. Sasa wanabishana: je, zote tano zimebanana kwenye mfuko mmoja, ama ni kundi la tatu na jozi zilizoshikana kama abiria wawili kwenye kiti kimoja cha matatu?

Ripoti ya 2015 iko mtandaoni, bure. Hesabu zikikuzidi, kama zilivyonizidi mimi, ruka hadi kwenye grafu. Bampu utaiona tu.