Toba Inayofika Hadi Kwenye Mizani

Ombi la kujua mapenzi ya Mungu linasikika makanisani kila wiki, kuanzia ibada ya Jumapili asubuhi hadi mkesha wa Ijumaa. Anayetafuta kazi analiomba, anayeposwa analiomba, na anayetaka kununua kiwanja naye analiomba. Ni ombi jema. Lakini yapo mapenzi ya Mungu yaliyokwisha kuandikwa waziwazi, yasiyohitaji ndoto wala nabii wa kuyafunua, na hayo ndiyo tunayoyapita haraka. Katika sura ya 4 ya Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, Paulo anawaambia waumini kwamba Mungu anataka watakaswe, kisha anaeleza hilo maana yake nini katika maisha: wajiepushe na uasherati, na mtu asimkosee wala kumpunja ndugu yake. Mahubiri juu ya jambo la kwanza tunayo mengi. La pili ni nadra kulisikia likikaziwa, ingawa limesimama katika aya zilezile. Nami nashikilia kwamba hapo ndipo kuiacha dunia kunapopimwa. Mtu haachi tamaa kwa kuikemea kwa sauti, wala machozi ya madhabahuni hayatoshi. Anaanza kuiacha pale kile ambacho tamaa ilimpatia kinaporudi kwa mwenyewe.

Tamaa ikitajwa kanisani, mawazo yetu hukimbilia moyoni na machoni, na ni kweli Waraka wa Kwanza wa Yohana unaiweka huko, pamoja na majivuno ya mali. Ila ikishapata ilichokitaka, tamaa huhamia kwenye kitu chenyewe: kwenye shamba alilodhulumiwa mjane, kwenye risiti iliyoandikwa kiasi cha uongo, kwenye mshahara wa dada wa kazi unaosogezwa mwezi hadi mwezi. Augustino wa Hippo, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika Aljeria ya leo, aliielewa sehemu ya jambo hili kuliko wengi. Katika Maungamo yake anasimulia mapeasi aliyoyaiba na wenzake akiwa na umri wa miaka 16 hivi, ilhali alikuwa nayo tele, tena mazuri zaidi. Anasimulia pia jinsi alivyousadiki ukweli kabla hajawa tayari kuufuata, hadi siku alipoongoka bustanini huko Milano, mwaka 386. Alichokiona ni kwamba mtu anaweza kumtaka Mungu kwa dhati na wakati huohuo akashindwa kuachia alichokishika, kwa sababu mazoea yamekwisha kuwa mnyororo. Mimi ningeongeza kwamba mara nyingi mnyororo huo una hati, una mashahidi, na unalipiwa kodi ya ardhi kila mwaka.

Chukua lumbesa, ambayo mkulima wa viazi wa Njombe na wa vitunguu wa Mang'ola hahitaji kuelezwa. Gunia linajazwa hadi mdomoni. Badala ya kufungwa hapo, linaongezewa kipande cha gunia jingine au wavu, vinashonwa pamoja kwa sindano ndefu na kamba, kisha viazi vinapangwa juu kimoja kimoja mpaka gunia linasimama na kilemba chake. Mzigo wote huo unahesabiwa gunia moja na kulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo ya Tanzania inataka mazao yafungashwe yasizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umeikemea lumbesa miaka nenda miaka rudi, lakini mkulima aliye mbali na barabara, mwenye ada ya shule inayomsubiri, hana mizani na hana mnunuzi wa pili. Sasa tuseme mnunuzi ni Mkristo. Anaweza kufunga siku 40, akatoa fungu la kumi la faida bila kupunguza hata senti, akaimba kwaya, na mkono unaoshona kile kilemba ukabaki uleule. Wala si lazima awe mnafiki. Huenda anampenda Mungu kweli. Kinachomponza ni kwamba amefundishwa kuitafuta tamaa ndani ya hisia zake tu. Hajawahi kuambiwa kwamba vile viazi vya juu vina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ana jina na kijiji.

Nabii Amosi aliwajua watu wa namna hii. Katika sura yake ya 8 anawaeleza wafanyabiashara wanaosubiri Sabato iishe ili wakafungue ghala, wapunguze kipimo cha nafaka, waongeze uzito wa jiwe la kupimia fedha na kuchezea mizani. Sabato hawakuivunja, maana waliitunza hadi dakika ya mwisho huku mioyo yao iko sokoni. Torati kwa upande wake haikuliacha jambo hili kwenye hisia. Sura ya 6 ya Mambo ya Walawi inamtaka aliyemdhulumu jirani yake amrudishie mali kamili, aongeze sehemu ya tano, na ampe siku ileile anayoleta sadaka yake ya hatia. Mali inarudi kwa jirani, na sadaka inakuja kwa kuhani. Yesu anaufuata mpangilio huohuo katika sura ya 5 ya Mathayo, anapomwambia mwenye sadaka aiache mbele ya madhabahu na aende kwanza akapatane na ndugu yake. Halafu anakuja Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru na tajiri. Luka anataja tu kwamba Zakayo alimkaribisha Yesu kwa furaha; hasemi kama alilia au alitetemeka. Anatueleza kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyenyang'anywa. Mara nne ndicho kiwango ambacho sura ya 22 ya Kutoka inamtoza mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumuuza. Zakayo alijihukumu mwenyewe kama mwizi, bila polisi na bila hakimu, na ndipo Yesu akatangaza kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Afrika Mashariki imewahi kuliona jambo hili likitembea barabarani. Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Walisoma Biblia na kuomba pamoja, na katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda na Burundi, ukafika Kenya mwaka 1937, na Bukoba kabla mwongo ule haujaisha. Watu hukumbuka wimbo wa Tukutendereza na toba za hadharani. Kilichowashangaza maofisa wa serikali ya kikoloni na waajiri, hata wale wasiojali dini, kilikuwa kingine: watu waliwajia na vitu walivyoiba, na kodi waliyoikwepa, na madeni ambayo aliyewadai alikwisha kuyasahau. Hakuna aliyekuwa amewashtaki. Miaka ilipozidi kuwa migumu, watu hawa walipimwa kwa mambo makubwa zaidi. Wakati wa hali ya hatari nchini Kenya, iliyotangazwa mwaka 1952, wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na wakakataa pia kushika bunduki za Home Guard, wanamgambo wa serikali ya kikoloni, na baadhi waliuawa. Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, alikuwa Askofu Mkuu alipouawa Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Sidai kwamba kurudisha shilingi kunamfanya mtu shahidi wa imani. Nasema tu kwamba aliyekwisha kuzoea kuachia kidogo kwa ajili ya Mungu hakutwi mgeni siku anapotakiwa kuachia kila kitu.

Kuna pingamizi zito ambalo mwalimu yeyote wa Injili atalitoa, na anapaswa kulitoa: wokovu ni kwa neema, na kumwambia mtu arudishe ni kumuuzia msamaha. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu yapo makanisa yaliyofanya hivyo hasa. Lakini angalia mfuatano wa matukio kule Yeriko. Yesu alimwita Zakayo kwa jina, akamwambia ashuke mtini, akajialika nyumbani kwake, na umati ukanung'unika, yote hayo kabla Zakayo hajaahidi kitu. Walionung'unika walielewa vizuri kilichokuwa kikitokea: mwenye dhambi alikuwa amekubaliwa akiwa bado na mali ya wizi ghalani. Neema ndiyo iliyotangulia, na mara nne ikafuata. Paulo naye, katika sura ya 2 ya Waefeso, anatoka kwenye wokovu usiotokana na matendo na kuingia mara moja kwenye matendo mema ambayo Mungu alikwisha kuyaandaa, bila kuona mgongano wowote. Kurudisha hakumnunulii mtu msamaha. Ila msamaha unaomwacha mtu ameng'ang'ania mali ya jirani yake haujafika mkononi, na Mungu aliyemuumba mtu na mikono hakukusudia kuokoa nusu yake.

Wengine watauliza kama basi kutaka maisha mazuri ni dhambi. Sivyo, na mafundisho yanayowafanya maskini waone haya kutamani bati la nyumba ni mafundisho mabaya. Maombi ya Aguri katika sura ya 30 ya Methali yanaomba usiwepo utajiri wa kumsahaulisha Mungu wala umaskini wa kumsukuma mtu aibe. Yaani mtu mwaminifu anaweza kuogopa njaa na kuomba iepukwe. Waefeso 4 inamtaka mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Sioni hapo mtu aliyeamriwa asitake kitu. Ametakiwa aendelee kutaka, kuhangaika na kuamka alfajiri, ila sasa kuna mtu mwingine ndani ya hesabu yake. Mnunuzi wa viazi haitwi aache biashara. Anaitwa anunue kwa kilo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi linatoka katika historia ya uamsho wenyewe. Toba za hadharani ziliwaumiza watu. Aliyetaja uzinzi wake mbele ya mkutano alitua mzigo wake, lakini mara nyingine mke wake na yule mwanamke mwingine waliondoka na mzigo ambao hawakuuomba. Baadaye, nchini Uganda, baadhi ya ndugu walifika hatua ya kuupiga marufuku mkopo wowote na kuwahesabu wenzao waliokopa kuwa wamerudi nyuma, hata undugu ukagawanyika. Haya ni kweli, na anayeusifu uamsho bila kuyataja hautendei haki. Hata hivyo naona yanatokea pale kurudisha kunapomsahau aliyekosewa na kugeuka onyesho la utakatifu wa aliyekosa. Walawi 6 haikutaja mkutano. Ilitaja mali, kiasi, jirani na siku. Kilichoibwa kwa siri kinaweza kurudi bila kipaza sauti, na kama kukiri kwangu kutamjeruhi upya niliyemkosea, basi namtumikia nani nikisimama mbele ya watu? Mwenye haki ya kusikia kwanza ni aliyeumia, pamoja na mchungaji au mzee mwenye hekima wa kusaidia kupima. Ushuhuda, kama upo, uje baadaye, tena kwa ridhaa yake.

Yanabaki maswali ya utekelezaji. Mwenye mali akiwa amekufa? Sura ya 5 ya Hesabu ilikwisha kulijibu: alipwe jamaa yake wa karibu, na kama hana jamaa, malipo yaende kwa kuhani kwa ajili ya Bwana. Deni halifi kwa kifo cha mdai. Aliyewapunja wakulima wengi asioweza kuwakumbuka anaweza kupeleka malipo kwa ushirika wa kijiji chao, au kwa zahanati yake, badala ya kujifariji kwamba orodha imepotea. Na asiye na uwezo? Hapa ndipo kanisa linapohusika kama kanisa. Paulo alipomwandikia Filemoni juu ya mtumwa wake Onesimo, hakusema deni lisahauliwe, wala hakumwacha Onesimo alibebe peke yake. Aliomba liandikwe kwenye hesabu yake yeye, na akaahidi kwa maandishi ya mkono wake kwamba atalilipa. Sisi tunajua sana kuchangishana. Kamati ya harusi inakutana wiki baada ya wiki, ina mwenyekiti, mweka hazina na daftari la ahadi, na inafuatilia kila ahadi hadi ilipwe. Jumuiya yenye ujuzi huo inaweza kukaa na mama au baba anayedaiwa mishahara ya miezi minane na binti aliyemlelea watoto. Sura ya 5 ya Yakobo inasema mishahara iliyozuiliwa inalia, na kilio cha wavunaji kimemfikia Bwana, kwa hiyo si siri ya nyumba moja tena. Wakae jioni moja tu, waandike jumla, waandike atakacholipa yeye mwezi huu na watakachomwongezea wao, kisha wachague atakayesafiri kumpelekea binti yule kwao.