Maneno Mepesi, Kesi Nzito

Wanaoanza kujifunza tafsiri huogopa maneno marefu. Hujiandaa kwa istilahi za daktari na za wakili, wakinunua kamusi nene, na huona kwamba wakishayakariri hayo kazi imekwisha. Baada ya miaka mingi katika fani hii, ushauri wangu kwao ni mmoja: neno gumu halina hatari kubwa, kwa sababu aghalabu lina maana moja tu. "Affidavit" ni hati ya kiapo, leo na kesho. Maneno ya kuogopwa ni yale ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anayajua: "take", "right", "charge", "brother", "you". Haya yana maana chungu nzima, na kila maana ina neno lake katika lugha nyingine.

Hapa Machakos, mahali ambapo jambo hili linagharimu watu zaidi ni mahakamani. Mzee ametoka Masinga au mama ametoka Mwala, anasema Kikamba. Kiongozi wa mashtaka anachanganya Kiswahili na Kiingereza. Hakimu anaandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Katikati yao yuko karani wa mahakama, ambaye pamoja na kuita majina na kupanga mafaili, ndiye mkalimani. Johann Ludwig Krapf alipochapisha Injili ya Marko kwa Kikamba mwaka 1850, aliweza kufuta sentensi akaandika nyingine. Karani hana nafasi hiyo. Neno likisemwa, linatakiwa lifike upande wa pili papo hapo.

Sheria inatambua uzito wa kazi hii. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika katika kesi. Kifungu cha 49 kinataka anayekamatwa aelezwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, katika kifungu cha 198, inasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili, na ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Maana yake ni kwamba kesi ikikatiwa rufaa, jaji husoma zaidi yale yaliyoandikwa. Lililopotea kati ya mdomo wa shahidi na kalamu ya hakimu ni vigumu sana kulirudisha.

Tuanze na "charge". Simu inachajiwa, hoteli inakutoza, polisi wanakushtaki, mkuu wa shule amekabidhiwa shule, fahali anakushambulia. Kiingereza kinatumia neno moja kwa mambo hayo yote. Anayetafsiri halitafsiri neno hilo. Anatazama yaliyo jirani nalo. Likiandamana na betri, ni kuchaji. Likiandamana na bei, ni kutoza. Likiandamana na polisi na kosa, ni shtaka. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yetu: maana haikai ndani ya neno pekee, hukaa kati ya neno na majirani zake.

Wala si Kiswahili peke yake kinachopata kazi hii. Ukienda Malindi au Watamu, ambako Waitaliano wamekuwa wakija na kuishi kwa miongo mingi, utakuta vijana wetu wanaokisema Kiitaliano kwa ufasaha, nao hukutana na mgawanyo huohuo. Simu ni "caricare", kutoza ni "far pagare", kushtaki ni "accusare". Kitenzi "know" nacho hugawanyika mara mbili: "sapere" ni kujua habari au kujua kufanya kitu, "conoscere" ni kufahamiana na mtu au kupafahamu mahali. Halafu upepo hugeuka. "Nipote" la Kiitaliano ni mjukuu, na ni mtoto wa ndugu pia, kwa hiyo safari hii ni Mwingereza anayelazimika kuuliza ni yupi. Kila lugha imekata dunia kwa mistari yake, na mistari hiyo haipandiani.

Sasa tulitazame neno dogo kuliko yote: "you". Mwitaliano huchagua kati ya "tu" kwa rafiki, "Lei" kwa mtu wa heshima na "voi" kwa wengi. Kiswahili na Kikamba hutenganisha mtu mmoja na wengi. Kiingereza cha leo hakitenganishi. Basi wakili akimuuliza shahidi au mshtakiwa "Did you go to the shop that night?", mkalimani anapaswa kuamua papo hapo: ulienda, au mlienda?

Anayeona hilo ni jambo dogo na asome kifungu cha 296(2) cha sheria ya kanuni za adhabu. Kinahusu wizi wa kimabavu. Mojawapo ya mambo yanayotosha kulifanya kosa liangukie hapo ni mshtakiwa kuwa pamoja na mtu mwingine mmoja au zaidi, na adhabu iliyoandikwa katika kifungu hicho ni kifo. Mkalimani akisema "mlienda dukani?" na mtu akajibu "ndiyo", hakimu ataandika jibu la Kiingereza lisiloonyesha wingi. Akisema "ulienda" ilhali wakili alikuwa akiuliza juu ya kundi, jibu halilingani na swali. Mkalimani mwangalifu hakisii. Huinua mkono na kuuliza: swali linamhusu mshtakiwa peke yake au yeye na wenzake? Hiyo sekunde moja haipotezi wakati wa mahakama.

Upande wa kurudi una mtego wake. Shahidi akisema "alimpiga", Kiswahili hakijasema kama aliyepiga ni mwanamume au mwanamke, wala aliyepigwa. Kiingereza kinadai jibu: "he" au "she", "him" au "her". Palipo na watu watatu katika ugomvi, mume, mke na mama mkwe, kosa la kiwakilishi kimoja laweza kumwandika mtu asiye na hatia kuwa ndiye aliyeinua fimbo.

Neno la pili ninaloomba tulichunguze kwa makini ni "take", pamoja na rafiki yake "right". Kifungu cha 268 cha kanuni za adhabu kinaeleza wizi kuwa ni kuchukua kitu kwa nia ya udanganyifu na bila dai la haki juu yake. Kuchukua peke yake si wizi. Na kifungu cha 8 kinasema kwamba mtu aliyetenda kwa kuamini kwa dhati kuwa ana haki juu ya mali hiyo, bila nia ya kudanganya, hana hatia ya kosa la mali.

Chukulia mama mmoja ameondoka kwa wakwe zake Kathiani akaenda na mbuzi wawili aliowanunua kwa pesa za kikundi chake cha akina mama. Anashtakiwa kwa wizi. Karani anamsomea: "Unashtakiwa kwamba tarehe fulani ulichukua mbuzi wawili. Ni kweli au si kweli?" Mama anajibu, "Ni kweli, niliwachukua." Amesema ukweli mtupu. Lakini kilichoulizwa na sheria si kama aliwachukua. Kilichoulizwa ni kama aliwaiba, na "bila dai la haki" ndiyo sehemu iliyoanguka njiani, kwa kuwa "claim" na "right" ni maneno ambayo kila mmoja hudhani anayajua. Anayeifasiri "right" kama usahihi, au anayeiruka kwa haraka, amemwondolea mama huyu utetezi wake wote. Tafsiri inayomfaa ni ya kuongeza maneno: "Unadaiwa kuwaiba, yaani kuwachukua mbuzi ukijua si wako na huna haki nao." Hapo mama atasema, "Si kweli. Ni wangu."

Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu wa jambo hili katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, mwaka 1973, na mahakama zetu huufuata hadi leo. Shtaka lisomwe kadiri inavyowezekana kwa lugha ya mshtakiwa mwenyewe, au kwa lugha anayoielewa. Aelezwe kila kiungo cha kosa. Akikiri, maneno yake yaandikwe kwa ukaribu kabisa na alivyoyasema. Kisha asomewe maelezo ya tukio na apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza, na akileta jambo linalotia shaka, kukiri kwake kuondolewe. Majaji hao hawakuwa wakifundisha tafsiri, lakini walichokiandika ni somo zuri la tafsiri: usikubali neno moja la mtu kabla ya kuhakikisha analielewa kama unavyolielewa wewe.

Tusidhani kwamba utata ni wa Kiingereza peke yake. "Dhamana" ni mfano unaosumbua familia nyingi. Kiingereza cha mahakamani hutenganisha "bail", hasa pesa taslimu zinazowekwa mahakamani, na "bond", yaani ahadi yenye thamani fulani ambayo mara nyingi husimamiwa na mdhamini mwenye hati ya shamba au ya gari. Sisi tunayaita yote mawili dhamana. Hakimu akitoa masharti ya "bond" ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho, au "cash bail" ya shilingi 50,000, karani akafupisha kwa kusema "dhamana laki mbili au elfu hamsini", jamaa hutoka nje wakiulizana: tulete pesa au hati? Na pesa hizo zitarudi? Wengine huuza ng'ombe wakidhani wanalipa faini. Faini ni adhabu na hairudi. Pesa za dhamana hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa amehudhuria kama alivyoagizwa. Tafsiri kamili ingetaja vyote viwili: dhamana ya pesa taslimu, dhamana ya mdhamini na hati.

Vivyo hivyo "hukumu". Kwetu ni uamuzi kwamba mtu ana hatia, na ni kifungo anachopewa pia. Kiingereza hutenganisha "judgment" na "sentence", na kati ya hayo mawili kuna hatua muhimu ambapo mtu hujitetea ili apunguziwe adhabu. Asiyejua kwamba ni hatua mbili huondoka mapema au hunyamaza wakati wake wa kusema umefika.

Katika kesi za urithi, tatizo hugeukia undugu. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, iliandikwa kwa Kiingereza na inataja "brother" na "sister" miongoni mwa wanaoweza kuwa wategemezi wa marehemu. Shahidi wetu anaposema "ndugu yangu", huenda ana maana ya mtoto wa baba yake, wa baba mdogo, au mtu wa ukoo. Anaposema "baba", huenda ni baba mdogo aliyemlea. Hapa mkalimani hana ruhusa ya kuchagua kwa niaba yake. Kazi yake ni kuomba mahakama imuulize shahidi: mmezaliwa na nani?

Kutokana na haya yote, anayefanya kazi hii anaweza kujijengea desturi tatu. Kwanza, asitafsiri neno kabla ya kusikia sentensi nzima. Pili, lugha anayokwenda ikidai jambo ambalo lugha anayotoka haikulisema, aulize, asikisie. Tatu, arudishe tafsiri: amwombe mhusika aeleze kwa maneno yake alichosikia. Mahakama nazo ziwape makarani mafunzo ya ukalimani kama kazi kamili, maana kujua lugha mbili na kujua kufasiri ni mambo mawili tofauti.

Nawe msomaji, ukiitwa kizimbani au ukimsindikiza mzazi wako, usione aibu. Kabla ya kutamka "ni kweli", sema hujaelewa na uombe uelezwe tena kwa Kikamba, Kiswahili au lugha yoyote unayoielewa. Hutalipishwa chochote, na humwombi hakimu hisani. Ni haki yako iliyoandikwa katika kifungu cha 50 cha Katiba.