Mkokoteni wa Kikundi: Tuuze au Tubaki Nao?



Kuna swali ambalo vikundi hutuletea mara kwa mara, hasa vile vya sehemu kavu ambako maji huchotwa mbali. Kikundi kina mkokoteni na punda wawili. Uliponunuliwa ulikuwa fahari ya kijiji kizima. Sasa wanachama wamegawanyika. Wengine wanasema ati punda ni mambo ya zamani, tuuze tununue tuktuk ya mizigo. Wengine wanataka pesa zigawanywe kabla ya Krismasi. Akina mama wanaoteka maji wananyamaza, lakini ukiwauliza kando watakuambia hawataki uuzwe. Na mwendeshaji anasikia habari hizi njiani kama mtu mwingine yeyote.

Swali hili halijibiwi kwa kupiga kelele mkutanoni. Linajibiwa kwa daftari na kalamu.

Anzeni na hesabu

Tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, nanyi mtaweka za kwenu. Tuseme mkokoteni unabeba mitungi 15 ya lita 20, yaani kilo 300 za maji. Mwendeshaji akishachukua haki yake anamkabidhi mweka hazina Sh. 400 kwa siku. Punda wanafanya kazi siku tano kwa juma, maana nao ni lazima wapumzike. Siku 20 kwa mwezi ni Sh. 8,000. Majani, pumba na chumvi Sh. 2,000. Tairi, viraka na grisi Sh. 500. Dawa ya minyoo, kukatwa kwato na chanjo ya pepopunda, ukigawanya kwa miezi, Sh. 500. Zinabaki Sh. 5,000.

Vikundi vingi husimama hapo na kusema, "Tumepata elfu tano." Hapana, bado. Mkokoteni unachakaa na punda wanazeeka. Kama mkokoteni una thamani ya Sh. 45,000 na utadumu miaka sita, kila mwezi unakula zaidi ya Sh. 600 yake wenyewe. Kama punda wawili wana thamani ya Sh. 40,000 na wana miaka kumi ya kazi mbele yao, hapo kuna Sh. 300 na kitu nyingine. Tuseme Sh. 1,000 kwa jumla. Hizo ziwekwe kando kila mwezi, zisiguswe. Faida halisi ni Sh. 4,000.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo karibu kila daftari nililofunguliwa halina. Kikundi hiki cha mfano kina wanachama 20, na kila mmoja huletewa mitungi miwili ya maji bure kila juma. Hiyo ni mitungi 40 kwa juma, mitungi 160 kwa mwezi. Mtungi ukiuzwa Sh. 20 pale kijijini, maji hayo ni Sh. 3,200. Hakuna anayeyaandika kwa sababu hayakulipwa. Lakini mkokoteni ukiondoka, kila nyumba itayanunua, au mama atayabeba mgongoni, au msichana atachelewa shule. Kwa hiyo mkokoteni unawaletea Sh. 7,200 kwa mwezi. Kwa mwaka ni Sh. 86,400.

Mkiuza kila kitu kwa Sh. 85,000 na kugawana, kila mtu ataenda nyumbani na Sh. 4,250. Angalieni basi: mmeuza kwa bei ambayo mkokoteni ungeileta wenyewe kwa mwaka mmoja, na bado mngekuwa nao. Wa namna hii msiuuze.

Lakini hesabu inaweza kugeuka. Tuseme bomba la maji limefika sokoni, na pikipiki zimechukua mizigo midogo. Sasa mkokoteni unapata kazi siku sita tu kwa mwezi. Mapato ni Sh. 2,400. Punda anakula hata siku ambayo hakufanya kazi, kwa hiyo chakula ni zile zile Sh. 2,000. Dawa Sh. 500, tairi Sh. 200. Mmepoteza Sh. 300 hata kabla ya kuhesabu uchakavu, na maji ya bure hayana maana tena kwa kuwa bomba lipo. Hapo kwanza ulizeni kama kuna kazi nyingine: mchanga, mawe, samadi, mahindi wakati wa mavuno. Kama haipo, uzeni, na msingoje miaka mitatu. Tairi linalosimama juani hupasuka, mbao huliwa na mchwa, na umri wa punda hausimami.

Kuna sababu nyingine ya kuuza ambayo husemwa kwa maneno mengine. Watu husema "mkokoteni hauna faida" wakimaanisha "hatumwamini anayekusanya pesa." Mimi naona hii ndiyo huuza mikokoteni mingi kuliko hasara. Kama ndiyo shida yenu, hata tuktuk haitaiponya, itaikuza, kwa sababu pesa za tuktuk ni nyingi zaidi na zinapita haraka zaidi. Itataka petroli kila asubuhi, bima ambayo ni lazima kwa sheria, dereva mwenye leseni, na fundi mwenye vipuri. Mkishindwa kupata hesabu ya Sh. 400 kwa siku, subirini kwanza.

Nani anaamua?

Mkokoteni si mali ya mwenyekiti, wala si ya kamati. Someni katiba yenu. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kila kikundi kilichosajiliwa kiwe na katiba, nayo ndiyo iwaambie ni wanachama wangapi wanaotosha kupitisha uamuzi wa kuuza mali. Iteni mkutano mkuu, mtoe taarifa mapema, na mwandike wazi kwamba ajenda ni kuuza mkokoteni. Jambo la mali lisiingizwe kwenye "mengineyo" saa kumi na mbili jioni wakati watu wameanza kuondoka.

Tazameni pia mkokoteni ulitoka wapi. Kama mlipewa na parokia, na mfadhili, au na mradi wa kaunti, pengine kuna karatasi inayosema hauwezi kuuzwa bila wao kujulishwa. Itafuteni kabla ya kupata mnunuzi. Na kama kuna mwanachama aliyefariki ambaye alitoa mchango wake wa kununua, mjane wake au watoto wake waitwe. Haki hiyo haikuzikwa naye.

Ofisa wa kikundi akitaka kununua si dhambi, ila atoke nje wakati bei inajadiliwa, na katibu aandike kwamba alitoka.

Tena msimsahau mwendeshaji. Ameamka saa kumi alfajiri miaka yote hiyo, na punda wanamjua kwa sauti. Mimi ningempa nafasi ya kwanza ya kununua, kwa bei ile ile ya haki, hata kama ni kwa kulipa kidogo kidogo chini ya mapatano yaliyoandikwa. Mkokoteni ukibaki kwake, kijiji nacho hakijapoteza maji.

Kupata bei

Bei ya mkokoteni iwe mbali na bei ya punda, hata kama mnunuzi ni mmoja. Ukichanganya, atakushinda kwa kimoja ukiwa unashangilia kingine.

Kwa mkokoteni, mwiteni fundi wa jua kali ambaye hanunui. Ainue upande mmoja na kutikisa gurudumu. Likicheza huku na huku, beringi zimekwisha. Aangalie kama ekseli imepinda, kama tairi zina nyufa, kama mikono ya mbele imeoza pale inapofungwa. Mara nyingi ni bora kutumia pesa kidogo kubadilisha beringi na mbao mbili kuliko kushusha bei kwa maelfu. Mwenye kununua chuma chakavu atawapa bei ya kilo. Hiyo ni bei ya chini kabisa, ya mkokoteni uliokufa. Ekseli nzima yenye magurudumu yanayozunguka isiende kwake.

Kwa punda, mwiteni afisa wa mifugo. Atafungua mdomo na kutazama meno. Punda anapofika miaka mitano hivi, meno yote ya mbele ya utoto huwa yamebadilishwa. Anapozeeka sana meno huinama kwenda mbele. Mwambieni mnunuzi umri wa kweli. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 25, kwa hiyo wa miaka kumi si mzee, na msikubali kuambiwa ni mzee. Kama jike ana mimba, semeni. Mimba ya punda huchukua karibu mwaka mzima, na miezi mitatu ya mwisho asivute mzigo.

Punda mwenye kidonda cha matandiko atibiwe apone kabla ya kuonyeshwa sokoni. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyeweza kazi, au kumbebesha kupita nguvu zake. Jumapili ya Matawi tunaimba habari za punda kanisani, Jumatatu tunampiga kwa rungu. Basi angalau tusimuuze akiwa na kidonda kilichofunikwa gunia.

Jambo moja wengi hawalijui. Punda wawili waliofanya kazi pamoja miaka mingi hushikana kama ndugu. Ukimuuza mmoja na kumbakiza mwingine, anayebaki anaweza kukataa kula. Na punda asipokula kwa siku chache, mafuta hujaa kwenye damu yake na anaweza kufa. Si uchawi. Wauzeni pamoja, na matandiko yao waliyoyazoea.

Mnamuuzia nani?

Hapa msiharakishe. Mwaka 2012 sheria ya Kenya iliruhusu punda achinjwe, na kuanzia 2016 vichinjio vilifunguliwa Mogotio, Naivasha, Machakos na Turkana. Ngozi zilikwenda China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea, watu wakaamka asubuhi na kukuta zizi tupu. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 hivi nchini, ile ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaifuta marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi.

Kwa hiyo mtu msiyemjua akija jioni na lori, hataki mkokoteni, hataki matandiko, hatazami hata kwato, anataka punda tu na analipa bila kubishana, jueni huyo hatafuti punda wa kazi. Mnunuzi wa kweli atataka kuwaona wakifungwa na kuvuta. Mpeni nafasi hiyo, tena mbele ya watu.

Tangazeni baada ya Misa, sokoni, na kwenye baraza la chifu. Toeni wiki mbili. Wanaotaka walete bei zao katika bahasha zilizofungwa, na zifunguliwe mkutanoni siku moja. Njia hii hupunguza maneno.

Karatasi na pesa

Mapatano ya kuuza yaandikwe nakala tatu. Ziwepo majina na namba za vitambulisho, bei, tarehe, maelezo ya mkokoteni, na maelezo ya kila punda: rangi, dume au jike, umri, alama. Maofisa watatu watie sahihi, mnunuzi atie, na mashahidi wawili. Nendeni pia kwa chifu au naibu wake apate kujua mifugo hii imeuzwa kihalali, kwa maana punda akisimamishwa njiani bila barua, mnunuzi ataitwa mwizi na ninyi mtaitwa kituoni. Kama anawahamisha, apate kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo wa serikali.

Pesa ziingie kwanza, mali itoke baadaye. Zikija kwa M-Pesa, mweka hazina aangalie salio kwenye simu yake mwenyewe, asitegemee ujumbe anaoonyeshwa na mnunuzi, kwa kuwa ujumbe wa uongo hutengenezwa. Afadhali ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi benki. Mkikubali malipo ya awamu, mkokoteni utoke awamu ya mwisho.

Na matumizi ya pesa hizo yaamuliwe katika mkutano ule ule uliokubali kuuza, yaandikwe kwenye kumbukumbu, kabla mtu yeyote hajaziona noti.

Inabaki habari ya punda mzee asiyepata mnunuzi wa haki. Msimwachilie barabarani, atagongwa au kuibwa. Kama mwenzake anabaki, wabaki pamoja. Anaweza kubeba mitungi miwili mara mojamoja kwa mwanachama aliye karibu, au asibebe kitu. Pangeni zamu ya malisho na maji, mwandike majina, na mtenge pesa kidogo ya dawa katika fedha za mauzo. Akianguka asiweze kuinuka, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.