Malkia wa Nyuki: Jifunze kwa Mikono, Ujaze Mizinga Yako

Mkulima wa skimu, nenda leo mpaka pale ulipotundika mizinga yako, uihesabu. Kisha hesabu ile iliyo na nyuki. Katika mashamba mengi hesabu hizi mbili hazilingani. Mtu ana mizinga kumi, lakini nyuki wamo katika minne tu. Sita iliyobaki inakaliwa na buibui na panya. Fedha za mbao na za fundi zimekwisha kulipwa, pengine kwa mkopo, na mzinga mtupu hautoi hata kijiko kimoja cha asali.

Wengi husema, "Nitangoja mpaka kundi la nyuki lipite." Kungoja ni jambo la bahati. Mwaka mmoja makundi mengi hupita, na mwaka wa pili hakuna hata moja. Tena, kundi linalokuja lenyewe hulijui tabia. Katika makala haya tutakueleza njia nyingine, nayo ni kumlea malkia kutoka mzinga wako ulio bora, na kuligawa kundi moja kuwa mawili. Kazi hii haifahamiki kwa kusoma peke yake. Ni kazi ya mikono, na hujulikana kwa kuifanya.

MAFUNZO YA VITENDO

Ukisafiri kutoka mjini Nairobi kwa Barabara ya Ngong kuelekea Karen, upande wa kushoto ni Kibera na upande wa kulia ni Kawangware. Huko nyumba zimesongamana, na watu wengi hawana nafasi ya kupanda hata mstari mmoja wa mahindi. Mbele yake, ukiisha kupita Dagoretti Corner, utafika Lenana, ilipo Taasisi ya Taifa ya Ufugaji Nyuki. Huenda ukauliza: mtu wa Kibera au Kawangware ana haja gani na nyuki, naye hana shamba?

Jibu ni kwamba ufugaji wa nyuki una kazi nyingi zisizotaka ekari. Seremala hutengeneza mizinga. Fundi cherehani hushona mavazi ya kujikinga. Mwingine husafisha nta. Na kijana aliyefundishwa kulea malkia anaweza kwenda kwa wenye mashamba, akagawa makundi yao kwa malipo. Lakini kijana huyo hawezi kuweka mzinga mlangoni kwake, kwa maana nyuki wetu ni wakali, na majirani wako hatua mbili tu. Kwa hiyo hujifunza kwa kushika: huvaa mavazi, huwasha bomba la moshi, huinua sega, huonyeshwa yai, na hurudia mpaka mikono izoee. Hivyo ndivyo na wewe mwenye shamba yakupasa kujifunza. Yeye ana mikono iliyozoea lakini hana ardhi. Wewe una ardhi, lakini mizinga yako ni mitupu.

MZINGA ULIO SAWA

Huwezi kugawa kundi ikiwa masega hayainuliki. Mzinga wa gogo ni mzuri kwa asali, lakini masega yake yameshikamana na mti, na ukiyagusa yanavunjika. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Kenya, wakisaidiwa na wale wa Kanada, walitengeneza mzinga unaojulikana kwa jina la nchi yetu. Juu yake hulazwa papi, yaani vipande bapa vya mbao, na nyuki hujenga sega moja chini ya kila papi. Mbavu zake zimelala mshazari ili sega lisishikamane nazo.

Kipimo kikubwa cha mzinga huu ni upana wa papi, nao ni milimita 32. Hiyo ndiyo nafasi ambayo nyuki wa Afrika huitaka kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine. Fundi akikata milimita 36 au 28, nyuki watajenga sega moja likipita papi mbili au tatu, na hutaweza kuinua lolote bila kuharibu. Ukienda kununua mzinga, chukua rula yako, upime kila papi mbele ya fundi kabla ya kutoa fedha.

MALKIA NI NANI?

Katika kundi la nyuki mna malkia mmoja, vibarua maelfu na maelfu, na madume mamia. Malkia ndiye mama wa wote. Mayai yote ya vibarua ni yake, na kwa hiyo ukali au upole wa kundi, bidii yake na tabia ya kuhama, hutoka kwake na kwa madume aliokutana nao.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea mbali na hapa. Mwaka 1956 mtaalamu Warwick Kerr alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka Brazil. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka. Kutokana na malkia hao wachache, damu ya nyuki wa Afrika ilienea Amerika ya Kusini na ya Kati, na mwaka 1990 walifika Texas, huko Marekani, pamoja na ukali wao. Basi usiseme kwamba malkia ni mdudu mmoja tu. Ukilea malkia kutoka mzinga mbaya, utajaza shamba lako ubaya huo.

Lakini malkia hazaliwi akiwa malkia. Yai lililomzaa ni sawa na yai la kibarua. Tofauti iko katika chakula na nyumba. Jana, yaani mtoto wa nyuki aliye bado ndani ya sega, akilishwa maziwa ya nyuki kwa wingi tangu mwanzo hata mwisho, katika chumba kirefu kinachoning'inia kama ganda la karanga, atakuwa malkia. Kwa sababu hiyo nyuki waliopotewa na malkia wanaweza kumlea mwingine, mradi wanayo mayai au majana machanga sana.

HESABU YA SIKU

Shika hesabu hii vizuri, kwa kuwa kazi yote imejengwa juu yake. Yai hukaa siku 3, kisha jana hutoka. Karibu na siku ya 8 tangu yai kutagwa, nyuki hufunga chumba cha malkia kwa nta. Malkia hutoka siku ya 15 au 16. Kibarua huchukua siku 20 hivi, na dume siku 24.

Malkia akiisha kutoka, hupumzika siku chache, kisha huruka nje na kukutana na madume kadhaa angani. Akirudi salama huanza kutaga. Usijaribu kulea malkia wakati ambapo hakuna madume, wala wakati wa kiangazi kikali au mvua isiyokatika. Wakati mzuri ni pale maua yanapoanza kufunguka kwa wingi, na mizinga imejaa nyuki.

NJIA YA KWANZA: KUGAWA KUNDI

Njia hii yamfaa mkulima anayeanza. Chagua mzinga ambao kwa mwaka mzima umeutazama: haukuhama, ulitoa asali nyingi, na nyuki wake si wakali kuliko wenzao. Uwe umejaa nyuki kabisa. Kisha fuata mambo haya:

1. Tayarisha mzinga mtupu wenye papi za kipimo kile kile. Usafishe na uupake nta kidogo ndani.

2. Fanya kazi jioni, jua likikaribia kutua. Vuta moshi kidogo mlangoni, ungoje dakika chache.

3. Inua masega moja moja. Tafuta malkia: mwili wake ni mrefu, na mabawa yake yaonekana mafupi. Sega alilo nalo liache katika mzinga wa zamani.

4. Peleka katika mzinga mpya masega matatu yenye mayai na majana, pamoja na nyuki walio juu yake, na mawili yenye asali na chavua. Kisha kung'uta nyuki wa masega mengine mawili ya majana ndani yake, ukihakikisha kwamba malkia hayumo. Nyuki wakubwa watarudi kwao, lakini wachanga ambao hawajaruka nje watabaki, na hao ndio walezi.

5. Punguza mlango wa mzinga mpya, na uwape maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa kimoja cha maji.

Kama hukumwona malkia, usikate tamaa. Gawa mayai, majana na asali sawa kwa sawa. Baada ya siku 5 tazama: mzinga wenye mayai mapya ndio wenye malkia, na ule wenye vyumba vya malkia ndio unaolea mwingine.

Siku ya 4 fungua kwa upole mzinga unaolea. Chumba kilichokwisha kufungwa siku hiyo kilianzishwa kwa jana lililopita umri, na malkia wake atakuwa dhaifu. Kivunje, ikiwa vipo vingine vilivyo wazi. Siku ya 7 acha vyumba viwili vilivyo vikubwa na vilivyonyooka. Baada ya hapo, usifungue tena mpaka siku ya 28. Kumfungulia malkia kijana ni kumwita apotee, au kulifanya kundi lote lihame.

NJIA YA PILI: KUHAMISHA MAJANA

Mtu akitaka malkia wengi kwa mara moja, hutumia njia iliyoelezwa na Mmarekani G. M. Doolittle katika kitabu chake cha mwaka 1889. Hutengeneza vikombe vidogo vya nta na kuvibandika chini ya papi. Kisha kwa sindano yenye ncha iliyopinda huchota majana ambayo hayajatimiza siku moja, kila moja dogo kuliko alama ya mkato katika ukurasa huu, na kuliweka moja katika kila kikombe. Papi hiyo hupelekwa katika kundi lenye nguvu lililoondolewa malkia.

Siku ya 9 tangu kuhamisha, kila chumba huwekwa katika mzinga wake mdogo wenye nyuki. Usichelewe mpaka siku ya 11. Malkia wa kwanza kutoka atawaua wenzake wote wakiwa vyumbani, na kazi yako ya siku kumi itaishia kwa malkia mmoja. Njia hii hutaka macho mazuri, kivuli na mkono usiotetemeka. Usiijaribu kabla ya kuifanya mara kadhaa mbele ya mwalimu. Mbali na taasisi ya Lenana, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani, Nairobi, nacho kimefundisha wafugaji kazi hii. Ofisi ya mifugo ya kaunti yako itakueleza pa kuanzia.

UKIONA MAMBO YAMEHARIBIKA

Siku ya 28 tafuta mayai. Yai moja chini ya kila kitundu, lililosimama katikati, ni dalili kwamba malkia yupo na ameanza kazi. Ukiona mayai mawili au matatu katika kitundu kimoja, yamebandikwa ubavuni, na vifuniko vya majana vimetuna kama risasi, jua kwamba vibarua wenyewe wanataga. Mayai yao huzaa madume tu, na kundi hilo litakwisha. Likung'ute mbele ya mzinga wenye nguvu lijiunge nao, uanze upya. Ni hasara ndogo kuliko kungoja miezi.

ANGALIA USALAMA

Usifanye kazi hii peke yako wala bila mavazi kamili. Ondoa ng'ombe, mbuzi na mbwa waliofungwa karibu, na uwaambie majirani. Weka mizinga mbali na nyumba, njia na visima, nyuma ya ua wa miti. Ukichomwa, kwangua mwiba upesi kwa ukucha. Mtu akichomwa mara nyingi, au akivimba uso na kushindwa kupumua, mpelekeni hospitali mara moja.

Mashamba ya skimu, ambayo katika Mpango wa Ekari Milioni ulioanza mwaka 1962 yalipimwa kwa jamaa moja, sasa mengi yamegawanywa kwa watoto na wajukuu. Ardhi haiongezeki, lakini makundi ya nyuki yaweza kuongezeka katika ardhi ile ile, nayo yatasaidia parachichi, maharagwe na alizeti zako kuzaa. Usinunue mzinga wa kumi na moja kabla ya kujaza ile kumi uliyo nayo. Anza msimu huu na kundi moja lililo bora. Andika tarehe katika daftari, hesabu siku zako 28, na ukiona yai la kwanza la malkia uliyemlea, hutangoja tena kundi lipite.