Pumu ya ngozi: Kwanza niambie mtoto alilalaje

MZAZI, ukija kwangu na mtoto mwenye pumu ya ngozi, swali langu la kwanza halitakuwa dawa gani umempaka. Nitakuuliza: jana usiku alilala?

Wazazi wengi hapa Kijenge hulishangaa swali hilo. Wamekuja kunionyesha viwiko na nyuma ya magoti, mahali ngozi ilipokakamaa na kuwa nyeusi kwa kukunwa. Hayo nitayaona mwenyewe. Usiku ndio siuoni. Mtoto anayejikuna mpaka saa nane, kisha akaamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi shule, atasinzia darasani na ataitwa mvivu. Mama naye hakulala, maana ndiye aliyekuwa akimshika mikono.

Kwa kuwa ugonjwa huu ni nadra kuua, watu huuona mdogo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliowauliza wazazi jinsi maradhi ya muda mrefu yanavyovuruga maisha ya watoto wao. Pumu ya ngozi iliyoenea mwilini ilipata alama sawa na maradhi ya figo, na kuzidi kisukari. Mama aliyekesha hatashangaa.

Tunacho hata kipimo. Wataalamu wa Cardiff, Wales, walikitoa mwaka 1995 kwa ajili ya watoto wa miaka 4 hadi 16. Ni maswali 10 kuhusu wiki iliyopita: kuwashwa, aibu, marafiki, nguo, michezo, shule, kutaniwa, usingizi, mpaka usumbufu wa dawa yenyewe. Kila swali lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo hali mbaya kabisa ni 30. Huhitaji karatasi kuuliza mambo haya nyumbani. Ila mwache mtoto ajibu mwenyewe, baba asimjibie.

Majibu ya kutaniwa ndiyo huniumiza zaidi. Kwenye ngozi yetu nyeusi, wekundu unaosomwa vitabuni mara nyingi hauonekani. Unaona ukavu wa kijivu, vipele vidogo na mabaka meusi. Wenzake wanasema haogi, au ana upele, na hakuna anayetaka kukaa naye dawati moja. Mzazi, nenda shuleni umweleze mwalimu: pumu ya ngozi haiambukizi. Ni ngozi iliyozaliwa na kinga hafifu, inayopoteza maji upesi, na mara nyingi katika ukoo huo yupo mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Maneno matano ya mwalimu mbele ya darasa yanaweza kufanya kazi ambayo krimu haiwezi.

Na baridi yetu ya Juni na Julai haimsaidii. Hewa kavu, vumbi, maji ya moto sana ya kuogea, na juu yake sweta la shule linalochoma. Mvalishe fulana ya pamba ndani ya sweta. Ya mtumba inafaa kabisa, tena imeshalainika. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache, kwa sabuni isiyo na manukato. Mfute kwa kumgusagusa bila kumsugua, na ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu. Rudia angalau mara 2 kwa siku, hata siku ambazo ngozi ni nzuri. Wengi wanaacha hapo ngozi inapopendeza, na baada ya wiki mbili wanarudi mwanzo. Kucha zikatwe fupi.

Sasa krimu. Zenye steroidi ni dawa nzuri zikitumika kwa kipimo, usiziogope. Hydrocortisone asilimia 1 huwatosha wengi usoni. Kwa mwili, daktari anaweza kukupa kali zaidi kwa siku chache. Krimu iliyokamuliwa kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka mkunjo wa kwanza inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Ninachokigombeza ni kopo lisilo na lebo, "mchanganyiko" uliopimwa kwa kijiko, unaomaliza muwasho kwa siku mbili. Mara nyingi kinachofanya kazi humo ni steroidi kali. Ikipakwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika michirizi, na mtoto anaweza kudumaa. Karibu na macho inaweza kuharibu uwezo wa kuona. Nazo zile dawa za mafua zinazoleta usingizi zitamlaza, lakini muwasho hazituliziki nao.

Usisubiri kliniki ya wiki ijayo ukiona usaha, au homa pamoja na malengelenge madogo yenye maumivu yanayosambaa haraka. Hayo ni maambukizi. Mpeleke siku hiyo hiyo. Na kama mtoto hatulii licha ya kufuata haya kwa wiki kadhaa, omba rufaa kwa daktari wa ngozi. Jirani zetu wa KCMC, Moshi, wana kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, kinachotibu na kufundisha wataalamu. Unapokwenda, beba kila kopo ulilowahi kumpaka, hata lile ulilouziwa kwa masharti kwamba daktari asilione.