Baruti mpya, bunduki ile ile

Baruti ya bunduki inayouzwa kwa walenga shabaha wa Marekani huja katika chupa ya plastiki ya pauni moja au dumu la pauni nane, yaani kilo 3.6. Ubavuni pamebandikwa jina la baruti kwa herufi kubwa. Pembeni, kwa herufi ndogo, ipo namba ya bechi. Mteja mgeni husoma jina, lakini mlengaji wa umbali mrefu huanza na ile namba ndogo, na akikuta si ile aliyoimaliza wiki iliyopita, anajua kwamba ana kazi ya siku kadhaa kabla ya kurudi mashindanoni.

Watu hawa hupiga shabaha iliyo umbali wa yadi 1,000, sawa na mita 914. Wengi wao hawanunui risasi dukani, huziunda wenyewe mezani nyumbani. Ganda la shaba lililokwisha kutumika husafishwa na kurudishwa umbo lake, hutiwa fataki mpya kitakoni, hujazwa baruti iliyopimwa, kisha kichwa cha risasi hukandamizwa mdomoni. Ukitaja baruti kwa mchimbaji wa Geita, atafikiria ile ya kupasulia mwamba. Hii ni nyingine. Ni punje ndogo za kijivu zinazoungua haraka na kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayosukuma risasi ndani ya mtutu.

Mzigo mzima wa baruti katika risasi ya kipimo cha .308 hauzidi sana gramu 3. Mizani ya mezani husoma hadi sehemu ya kumi ya greni, ambayo ni miligramu 6.5. Sonara wa mjini angeielewa mizani hiyo mara moja, na hata tabia ya kuifunika isipulizwe na upepo wa feni.

Uangalifu huo una sababu. Risasi ya .308 hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde. Moja ikitoka na nyingine ikafuata kwa mwendo pungufu wa mita 10 tu, kwenye yadi 1,000 ya pili itatua karibu sentimita 30 chini ya mwenzake. Katika mashindano ya Marekani yanayoitwa F-Class, duara la alama kumi lina upana wa sentimita 25.4, na duara la katikati kabisa ni nusu ya hapo. Kwa hiyo mtu anaweza kulenga sawasawa, akashika pumzi vizuri, akausoma upepo bila kosa, na bado akakosa kwa sababu ya kilichomo ndani ya ganda.

Mbona basi abadili baruti? Mara nyingi hana hiari. Hapa mfanyabiashara yeyote wa Namanga au Busia ataikuta habari anayoifahamu. Baruti nyingi zinazopendwa na Wamarekani hazitengenezwi kwao. Aina iitwayo Varget, yenye chapa ya kampuni ya Hodgdon ya Kansas, hutengenezwa Mulwala, Australia. Baruti za Vihtavuori hutoka Finland. Baadhi ya zile ziitwazo Reloder zimekuwa zikitoka Sweden na Uswisi, na aina nyingi za IMR hutoka Valleyfield, Kanada. Tangu vita vya Ukraine vianze mwaka 2022, majeshi yamekuwa yakigombea nitroselulosi, malighafi ambayo baruti ya aina hii haiwezi kutengenezwa bila yake. Mnunuzi wa rejareja anabaki mwisho wa foleni. Rafu ikiwa tupu, anachukua iliyopo.

Na iliyopo inaweza kuwa na jina linalodanganya. Zipo baruti zenye namba 4350 kutoka chapa tofauti, zipo pia zenye namba 4831, na haziungui kwa kasi moja. Namba 4831 ilitokana na baruti ya kijeshi. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Bruce Hodgdon alinunua masalio ya baruti ya serikali, akayahifadhi katika behewa kuukuu la treni lililowekwa shambani, akayauza kwa wawindaji na walenga shabaha. Biashara ilikua. Baadaye viwanda mbalimbali vilitoa bidhaa zenye namba ile ile, kama vile maduka mawili yanavyouza unga wa jina moja usiotoka kinu kimoja. Tofauti ni kwamba unga mbaya utakuharibia ugali tu. Mtu akichukua kipimo cha baruti moja na kukitumia kwa nyingine yenye kuungua haraka zaidi, anaweza kuipasua bunduki mbele ya uso wake.

Kikomo cha shinikizo kilichowekwa na taasisi ya Marekani ya SAAMI kwa .308 ni pauni 62,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la lori lililojazwa hadi pauni 120 lina shinikizo ambalo ukilizidisha mara 500 bado hujafika hapo. Kinachomtenga mlengaji na shinikizo hilo ni komeo la chuma, na shavu lake liko sentimita chache kutoka kwenye komeo hilo.

Ndiyo maana majaribio huanzia chini. Mlengaji hufungua kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti, akatafuta kikomo cha juu cha risasi yake, akaanza karibu asilimia kumi chini ya hapo. Anapanda kidogo kidogo, sehemu mbili au tatu za greni kila hatua, na kila anapofyatua hulikagua ganda. Fataki iliyolala bapa, alama inayong'aa kitakoni, au komeo lililokuwa likifunguka kwa kidole na sasa linataka kugongwa kwa kiganja, zote ni ishara za shinikizo kubwa. Akiona moja anasimama, hata kama kitabu kinamruhusu kupanda. Risasi zilizobaki za hatua za juu hazipigwi. Hurudi nyumbani na kufunguliwa moja moja.

Kando ya bunduki huwekwa kifaa cha kupima mwendo. Zamani kilihitaji waya na vyuma virefu. Siku hizi ni rada inayoingia mfukoni, kama ile Garmin iliyoingiza sokoni mwaka 2023. Wapo wanaofuata njia ya Creighton Audette, mlengaji wa Marekani aliyepiga risasi moja ya kila kipimo kwenye karatasi ya mbali na kutazama ni wapi zinapokusanyika ingawa baruti inaongezeka. Hapo, kwa mujibu wa njia hiyo, ndipo bunduki isipojali kosa dogo la mizani.

Ila njia hii ina mtego, na wengi hunasa. Risasi tatu zikiingia tundu moja, furaha humpofusha mtu. Mnunuzi wa mahindi hachomi bambo kwenye gunia moja akalipia lori zima. Huchoma la mbele, la katikati na la chini kabisa, maana anajua lilichofichwa huwa wapi. Risasi tatu ni kuchoma bambo mara moja. Ishirini husema zaidi, na husema vibaya zaidi, kwa kuwa kadiri zinavyoongezeka ndivyo kundi linavyotanuka na kuonyesha ukweli wake. Tatizo ni gharama. Mtutu wa 6.5 Creedmoor hudumu risasi elfu mbili hadi tatu kabla ya kupoteza usahihi wake, na kila jaribio linakula sehemu ya umri huo.

Halafu lipo joto. Kila Februari walengaji hukusanyika kwenye uwanja wa Ben Avery, Phoenix, Arizona, mahali ambapo asubuhi mtu huvaa koti na mchana hutafuta kivuli. Baadhi ya baruti huongeza mwendo kwa nusu mita kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tofauti ya nyuzi 20 huleta mita 10, na zile sentimita 30 zimerudi. Kipimo kilichofaa wakati wa baridi kinaweza pia kuvuka kikomo cha shinikizo jua likiwa utosini. Kwa hiyo majaribio ya siku moja yenye ubaridi hayatoshi, na risasi iliyoachwa juani au ndani ya chemba yenye moto haifanani tena na zenzake.

Kwa msafiri wa mipaka yetu, bidhaa hii si ya kuuliza bei. Katika vitabu vya forodha baruti ya kurushia imepewa kichwa 36.01. Kenya inaidhibiti kwa sheria zake za silaha na vilipuzi, Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Itifaki ya Nairobi ya 2004 inazifunga nchi za ukanda huu kudhibiti silaha ndogo pamoja na risasi zake. Kopo moja bila kibali, hata likiwa limefungwa ndani ya mzigo wa mtu mwingine, linamfanya dereva awe mshtakiwa.

Marekani kwenyewe kampuni za usafirishaji hutoza ada ya bidhaa hatari kwa kila mzigo, iwe umeagiza chupa moja au madumu kadhaa. Wanachama wa klabu huchanga, wakaagiza pamoja na kugawana ada, kama wachuuzi watano wanaokodi Fuso moja. Faida nyingine ni kwamba madumu yakiagizwa pamoja, yanaweza kuja na bechi moja. Mwenye madumu matatu yenye namba ile ile ana msimu mzima mbele yake. Likiisha la tatu, na duka likaleta namba nyingine, hata kama jina ni lile lile, anafungua daftari ukurasa mpya, anashusha kipimo na kuanza tena kutoka chini.